Kadi ya Matundu Sita na Jina la Mzee Kasian

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi ya leo haina adabu. Nimefungua studio saa mbili na nusu nikiwa na makoti mawili. Soweto yetu hapa Mbeya nzima imejikunyata. Hakuna mteja hadi saa nne. Kisha akaingia mteja wa maana.

Mzee Kasian, kutoka Iringa. Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Mwaka 2013 nilirekodi harusi ya mwanawe Aroni na binti mmoja anaitwa Pendo. Harusi ile inakumbukwa kwa jambo moja tu: keki ya ghorofa tano ilianguka juu ya ndafu. Watu walikula mbuzi mwenye sukari.

Mzee anasema tangu siku ile mama wa bibi harusi, Bi Faustina, anashikilia kwamba Mzee ndiye aliyeigonga ile keki kwa kiwiko. Alikuwa karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote, na mikono yake ilikutwa imejaa krimu hadi kwenye saa. Miaka kumi na miwili sasa upande wa wakwe unamwita Mzee Keki. Kwenye shughuli za ukoo, akiingia yeye, keki inahamishwa. Kwenye ubatizo wa mjukuu wake mwenyewe alikalishwa meza ya nje pamoja na madereva.

Jumapili hii mjukuu huyo anapata komunio ya kwanza. Mzee anataka video ionyeshwe ukumbini, mbele ya watu wote. DVD waliyopewa wakati ule haina kipande hicho, kilikatwa kwa amri ya Bi Faustina. Picha ghafi ninazo mimi peke yangu. Aliniambia ana miaka sabini na minne na hataki kuzikwa na jina la Mzee Keki. Nikamwuliza kama ana uhakika hakuigusa. Akasema mambo yalikwenda haraka sana, lakini moyo wake unamwambia hakuigusa.

Nikamjibu kwamba video ipo, imehifadhiwa salama katika Hifadhi Kuu. Jina hilo lilinijia palepale. Nimelipenda.

Bahati mbaya Liberatus alikuwa mlangoni, amekuja kuazima ngazi. Liberatus ana studio mkabala na yangu. Akauliza, mbele ya mteja, kama Hifadhi Kuu ndiyo ile ndoo ya rangi iliyoko stoo. Sikumjibu. Ngazi pia sikumpa.

Ni kweli ni ndoo ya rangi. Ndani yake kuna diski sita za zamani za kompyuta. Nilikuwa nimeandika majina juu ya kila moja kwa kalamu ya wino, lakini wino umefutika. Harusi ya Aroni imo katika mojawapo.

Mpango: kuna kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta na kuiongezea matundu ya kuunganisha diski. Nitanunua ya matundu sita. Diski zote sita zitawaka kwa pamoja, taa zikimetameta, na Liberatus ataona kupitia dirishani. Zaidi ya hayo, Mzee Kasian ana wajukuu na wapwa kumi na wanane ambao bado hawajaoa wala kuolewa. Nimewahesabu mwenyewe kwa kumdadisi. Harusi zote hizo zitakuwa zangu.

Mke wangu Nusrat akauliza kwa nini nisichomoe waya wa kichezea CD, ambacho hakitumiki tangu mwaka juzi, nikaunganisha diski moja moja mpaka niipate. Alisema ni kazi ya nusu siku. Nilimweleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya mafundi wa kawaida.

Jumanne, 17 Juni 2025

Uyole asubuhi. Kati ya malori na magunia ya viazi ana kibanda chake Junaid, muuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika. Akaniuliza kompyuta yangu ina sloti, yaani nafasi za kuchomekea kadi, za aina gani, zile ndefu nyeupe za zamani au nyeusi za kisasa. Nikamjibu inazo zote. Sikuwahi kuifungua kuangalia, lakini mwenye Hifadhi Kuu hawezi kusema hajui. Akanionyesha kadi mbili. Nikachagua kubwa. Kadi kubwa ni kadi yenye nguvu, hilo halihitaji shule.

Nikarudi na kufungua kava. Hakuna sloti nyeupe hata moja. Zote nyeusi. Meno ya kadi hayakubali kuingia kokote.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikachukua tupa. Nilipima vizuri kwa macho, nikaanza kusugua upande mmoja wa meno ili yalingane na sloti. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri na vumbi la dhahabu lilikuwa linaanguka mezani. Nusrat akaja na chai, akauliza kama nanoa kisu cha Idi inayokuja. Kisha akaona ninachonoa. Akanipokonya tupa na kwenda nayo jikoni.

Nikarudi Uyole. Junaid aliitazama kadi kwa muda mrefu. Akamwita mama anayeuza viazi jirani yake, naye akaitazama. Halafu akaipigilia msumari ukutani juu ya kichwa chake na kuandika chini yake: USIFANYE HIVI. Akanibadilishia, kwa masharti kwamba nimruhusu kuwasimulia wateja. Nilikubali, mradi asitaje jina.

Kadi mpya ni ndogo kama biskuti. Sijui kitu kidogo namna hii kitabebaje diski sita. Lakini sloti imeikubali kwa mlio mzuri, tak. Kesho nawasha.

Jumatano, 18 Juni 2025

Nimewasha. Kioo cheusi. Milio mitatu: pii, pii, pii. Nikazima, nikawasha tena. Pii, pii, pii.

Wakati huohuo akaingia dada mmoja kupiga picha ya pasipoti. Akauliza mashine inalia nini. Nikamwambia inahesabu diski. Akauliza mbona inahesabu mpaka tatu tu. Wateja wa siku hizi wanauliza sana.

Nilitumia asubuhi nzima kutafsiri milio. Nilibadilisha waya, nikaihamishia kompyuta upande wa pili wa meza, nikaipangusa kadi kwa pindo la shati, nikaipuliza. Saa saba Nusrat akaniletea wali, akainama, akatazama ndani kwa tochi ya simu. Akasema ramu, kile kijikadi cha kumbukumbu, kimenyanyuka upande mmoja. Ilionekana nilikiegemea kwa kiwiko jana nilipokuwa nasukuma kadi. Akakibonyeza. Kompyuta ikawaka kama kawaida. Nilikuwa nakaribia kufika hapohapo.

Lakini kompyuta haioni kadi. Nimeitafuta kwenye orodha ya vifaa vyote, juu mpaka chini. Ipo ndani kabisa, naiona kwa macho, naigusa kwa kidole, na kompyuta inasema hakuna kitu.

Nikafikiri. Saa tisa nikapata jibu: spika za Liberatus. Anapiga muziki mlangoni kuanzia asubuhi. Mawimbi yale yanavuka barabara na kuichanganya kadi ndogo isiyo na uzoefu. Nikaandika barua rasmi kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa Liberatus, nikilalamikia "uingiliaji wa mawimbi katika mitambo ya hifadhi". Barua ilikuwa na aya tano na muhuri wa studio.

Liberatus alisoma nakala yake akiwa amesimama. Kisha akafanya jambo la uchokozi. Alizima spika. Akazima kompyuta zake zote, akazima taa, akachomoa hata friji ya soda. Akatoa kiti nje, akakaa katikati ya mlango amekunja mikono, ananitazama. Wapita njia wakaanza kusimama. Mwenyekiti wa mtaa akafika, naye akaletewa kiti.

Nikawasha kompyuta mbele ya kadamnasi. Kadi haikuonekana. Nikasubiri. Nikawasha tena. Mwenyekiti akauliza kama tusubiri mawimbi yapoe. Tukasubiri dakika ishirini katika baridi ile. Haikuonekana.

Liberatus akainuka, akarudisha kiti ndani, akawasha muziki. Aliongeza sauti kidogo.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Mzee Kasian alipiga simu saa moja asubuhi. Aliniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia tuko hatua za mwisho. Akasema amekwishawaambia watu wote, na Bi Faustina amekubali video ionyeshwe kwa sharti moja: ikionyesha ni Mzee aliyeigonga, Mzee aombe radhi ukumbini kwa kipaza sauti. Mzee amekubali. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini alikata simu kabla sijaaga.

Nusrat amekuwa akisoma kile kikaratasi kilichokuja na kadi. Mimi nilikuwa nimekitumia kuweka kikombe. Kinasema kwamba katika kompyuta nyingine sloti ya chini hulala kama sloti ya juu inatumika. Akahamisha kadi sloti nyingine. Kompyuta ikaiona mara moja, ikaweka alama ya njano ya mshangao, ikisema inahitaji draiva, yaani maelekezo ya namna ya kuitumia.

Draiva imo katika CD ndogo iliyokuja na kadi. Kichezea CD kipo. Ila waya wake wa umeme niliukata jana kwa koleo ili nipate wa kuwashia diski. Nusrat akapakua draiva kwa simu yake. Alama ya njano ikatoweka. Alhamdulillahi.

Sasa nikaunganisha diski mbili za kwanza. Nikawasha. Hapo Liberatus akaingia, ameleta majibu ya mwenyekiti kwa barua yangu (aya moja tu: "Imepokelewa"). Sote watatu tulikuwa mbele ya kioo kilipowaka.

Kompyuta haikufunguka kwa sura yake. Ilikuwa imeamua kuamka kutokea kwenye diski ya zamani. Ilifunguka kama ilivyokuwa mwaka 2013. Kioo kizima picha: mimi na Liberatus, suti za rangi moja, vidole gumba juu, tumeegemeana mgongo kwa mgongo. Chini yake maandishi ya dhahabu: AHMADI & LIBERATUS VIDEO PRODUCTION.

Tulifanya kazi pamoja miaka mitano. Tuliachana kwa sababu ya stendi ya kamera, nani aliyeipinda. Nilisahau kwamba Liberatus alikuwa na nywele.

Yeye ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema mpangilio wa kuwaka umebadilika, niingie kwenye mipangilio na kuiambia kompyuta iamke kwa diski yangu kwanza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama zamani. Halafu akasema harusi ya Iringa yeye hakwenda, alikuwa na malaria, lakini anakumbuka nilisafiri na kamera mbili. Nikamwambia nakumbuka vizuri sana. Sikukumbuka kabisa.

Alipoondoka Nusrat akasema hiyo ilikuwa nafasi nzuri ya kumpa ngazi. Nimeandika hapa ili nikumbuke kutompa.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Siku ya hatari.

Asubuhi niliunganisha diski zote sita. Zikaanza kuzunguka, zikagota, kompyuta ikazima. Umeme wa ndani hautoshi, pawa saplai moja haiwezi. Nikaleta ya pili kutoka kwenye kompyuta mbovu, nikaiweka juu ya stuli pembeni, nikaziunganisha diski tatu huku na tatu kule. Nyaya zilijaa meza nzima. Ilipendeza kama hospitali.

Zote sita zikawaka. Sikuamini. Kabla kompyuta haijafunguka ikatokea skrini ya bluu ya kadi yenyewe, ambayo sikuwahi kuiona. Kiingereza. Mstari wa kwanza ulisema kadi imeona diski sita. Mstari wa pili uliuliza kama nataka ziunganishwe zote ziwe hifadhi moja kubwa.

Hifadhi moja kubwa! Hata kadi ilikuwa inalijua jina. Bonyeza Y kwa ndiyo. Nikanyoosha kidole.

Kioo kikazima. Stuli ikazima. Nusrat alikuwa amesimama ukutani na plagi mbili mkononi, moja kila upande.

Nikamwuliza kama ana wazimu. Hakupandisha sauti. Alichomeka tena, tukasubiri skrini ile irudi, akaweka kidole kwenye kioo.

"Baba Ruwaida, soma mstari wa tatu."

Nikasoma. Ulisema kila kitu kilichomo ndani ya diski zote sita kitafutwa na hakitarudi.

Nilikaa chini. Nilifikiri juu ya Mzee Kasian na kipaza sauti. Nilifikiri juu ya harusi mia tatu, bibi harusi mia tatu, na wazee wengi waliomo mle ambao wameshafariki, bado wanacheza kwaito ndani ya ndoo ya rangi. Nusrat akaniletea maji. Sikumwambia nilichokuwa nafikiri, lakini nadhani alijua, maana hakunicheka.

Nilikwenda swala ya Ijumaa. Niliporudi, nyaya zote zilikuwa zimetolewa. Nusrat alikuwa amechomoa waya wa data wa kichezea CD, ule ambao sikuukata, na kuunganisha diski moja moja. Ameipata katika diski ya nne. Ilimchukua dakika arobaini.

Kwa haki kabisa, kadi ilikuwemo ndani ya mashine muda wote huo. Mchango wake hauwezi kupuuzwa.

Mafaili ni mawili, Kamera 1 na Kamera 2. Tulitazama Kamera 1. Ni mkanda niliourekodi mwenyewe. Unaonyesha mgongo wa Mzee Kasian, kisha kelele, kisha krimu. Hauonyeshi nani. Nusrat akataka tutazame Kamera 2. Nikakataa. Ikionyeshwa mara ya kwanza ukumbini, hata mimi nishangae, msisimko utakuwa wa kweli. Watu wataniita kila wiki. Nusrat aliuliza itakuwaje kama inaonyesha kweli ni mzee. Nikamwambia haiwezekani, nimeshamwahidi.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nimefika Iringa na kompyuta nzima. Nusrat aliniwekea mafaili yote mawili kwenye flashi ya ukubwa wa kidole na kuitia mfukoni mwa koti, akasema nikiweza niende na hiyo tu. Lakini nani atavutiwa na kidole? Nimeifunga kompyuta kwenye blanketi, nikailipia kiti chake dirishani, nikaifunga mkanda. Kondakta aliuliza kama ni oveni. Toka Igawa mpaka Makambako tulirushwa sana, na ndani ya blanketi kulikuwa na kitu kinagongagonga. Nilijikaza nisifungue.

Mzee Kasian alinipokea kituoni mwenyewe. Nyumbani kwake alinipa ugali na mboga ya maboga, kisha akanionyesha suti aliyoipiga pasi kwa ajili ya kesho. Mfukoni mwa suti kulikuwa na karatasi mbili. Moja ni hotuba ya kumsamehe Bi Faustina. Nyingine ni ya kumwomba radhi. Ameziandika zote mbili kwa mkono, na ya kuomba radhi ndiyo ndefu.

Nilikuwa nakunywa chai aliponiuliza.

"Mwanangu, umeiona? Niambie kweli. Sikuigusa?"

Nikamwambia nimeiona, na hakuigusa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilishindwa kumaliza chai. Ni mara ya kwanza chai ya Iringa kunishinda.

Jumapili, 22 Juni 2025

Naandika haya chumbani kwa Mzee, jua bado halijazama. Nitaandika kwa mpangilio.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Mjukuu, Matilda, amevaa gauni jeupe na shela. Keki ya ghorofa tatu mezani. Mzee Kasian alikalishwa upande wa pili kabisa, karibu na mlango. Mimi nilivaa kizibao changu cha mahameli chekundu, ambacho nakivaa kwenye shughuli kubwa tu. Bi Faustina ni mama mnene, mpole wa uso, anasalimia watu wote. Alimsalimia hata Mzee, kwa mbali.

Baada ya chakula nikaitwa. Nikaiweka kompyuta mezani, nikaiunganisha na runinga kubwa, nikasema maneno machache kuhusu Hifadhi Kuu. Nikawasha.

Pii, pii, pii.

Watoto wakapiga makofi. Nikawasha tena, wakapiga tena. Nikafungua kava mbele ya watu mia mbili. Kadi ilikuwa imechomoka na kulala chini pamoja na skrubu mbili na kijikadi cha ramu. Aroni akaja taratibu akaniuliza kama sina hata flashi. Nikaitoa mfukoni. Akaichomeka kwenye runinga. Ilichukua sekunde tano, jambo ambalo lilinivunjia heshima kidogo.

Kamera 1. Mgongo wa Mzee, kelele, krimu. Bi Faustina akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu ambaye hakupenda kuwa sahihi. Nikamwona Mzee anaingiza mkono mfukoni na kutoa karatasi ile ndefu.

Kamera 2.

Sasa nimekumbuka. Niliiweka juu ya jukwaa kwenye stendi, ikaachwa inarekodi peke yake ukumbi mzima. Inaonyesha meza ya keki. Inaonyesha Mzee Kasian amesimama hatua tatu kutoka mezani, mikono nyuma. Inaonyesha mtu anarudi kinyumenyume na kamera begani, akiwaambia watu wasogee, wasogee. Waya wa taa yake umezunguka mguu wa meza. Mtu yule anazidi kurudi nyuma. Waya unakaza. Meza inainama. Ghorofa ya juu inateleza, na hapo Mzee Kasian, akiwa na miaka sitini na miwili, anaruka kama golikipa, mikono yote miwili mbele, na kuidaka. Anaidaka kweli. Kwa muda mfupi anayo mikononi. Kisha ghorofa nne zilizobaki zinakwenda kwa mbuzi.

Mzee akaomba irudishwe. Aroni akairudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu, pale anaporuka, Mzee alicheka kidogo, halafu akatoa leso na kujifunika uso, na mabega yakawa yanatikisika.

Bi Faustina aliinuka. Ilimchukua muda kufika kwake, maana ukumbi ni mrefu na kila mtu alikuwa akimtazama.

"Baba Aroni," akasema, "kumbe wewe ulikuwa unaiokoa. Nisamehe, mkwe wangu."

Mzee alikuwa na hotuba ya kumsamehe mfukoni, mistari kumi na minane. Hakuisoma. Alimshika mkono tu. Bi Faustina akamwongoza mpaka kwenye keki, wakamwita Matilda, na kisu akapewa Mzee.

Ingeishia hapo ingekuwa siku njema kwa kila mtu. Lakini mtu mmoja akauliza yule mwenye kamera ni nani.

Nikachukua kipaza sauti. Nikawaeleza kwa masikitiko kwamba yule ni aliyekuwa mshirika wangu, Liberatus, mtu mzembe, ambaye nililazimika kuachana naye. Nilianza kueleza habari za stendi. Matilda, na shela lake, akanyoosha kidole kwenye runinga, kisha kwangu, akauliza mbona kizibao ni kilekile.

Aroni akasimamisha picha. Kizibao kilikuwa kilekile. Hata kifungo cha pili kilikuwa hakipo, hapa na pale.

Walicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni. Keki ikahamishwa tena, safari hii mbali na mimi. Mzee Kasian peke yake ndiye aliyeniletea kipande, kwenye kisahani, kwa mkono wake. Nikamwambia sikuwa nimeiona kabla, nilimdanganya jana. Akasema alijua, kwa jinsi nilivyoacha chai.

Jumanne, 24 Juni 2025

Mbeya. Nilirudi kwa basi la usiku wa Jumapili, nikalala siku nzima jana, leo nina akili timamu na nimeyatafakari yote yaliyotokea.

Somo ni wazi: watu wanahitaji kusafishwa majina. Kila harusi kuna mtu anayelaumiwa kwa jambo fulani, na ushahidi ninao mimi. Nimeanzisha huduma mpya. Nimekwishaandika bango.

Nusrat ameuliza kama safari hii nitaitazama mikanda kabla ya kuionyesha. Nimemjibu kwamba hilo ndilo lingeua biashara. Ameuliza pia kama nimempigia Liberatus kumwomba radhi. Liberatus ameshasikia, sijui kwa nani, na leo asubuhi amepita mbele ya studio yangu kinyumenyume, mara mbili, pamoja na wateja wake. Huo ni wivu.

Mteja wa kwanza amepatikana tayari, kwa simu, saa sita. Familia moja ya wenye mashine ya mpunga Ubaruku. Mwaka 2015, katikati ya harusi, turubai liliungua lote. Baba mdogo wa bwana harusi amelaumiwa miaka kumi kwa sababu ya sigara yake. Maskini. Nimemhakikishia kwamba hana hatia na kwamba tutaionyesha video mbele ya kijiji kizima. Siku ile naikumbuka vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyefunga taa kwenye turubai lile.